Kikonkani kwenye programu za tafsiri: hati tano, zinajua moja

Nyota mbili kati ya tano, na moja ya hizo ni kwa sababu huduma zenyewe ni za bure.

Nilisoma Mangaluru, pwani ya Karnataka huko India, na sasa nafanya kazi Margao, kusini mwa Goa. Miji yote miwili ina watu wanaoongea Kikonkani, lakini ukitoka mmoja kwenda mwingine unaanza kusoma upya. Mangaluru wanakiandika kwa herufi za Kikannada. Gazeti la Raknno limekuwa likitoka hivyo tangu 1938. Goa serikali inatumia Devanagari, hati ileile ya Kihindi, huku Wakatoliki wakitumia herufi kama hizi zetu, wanaziita Romi. Ukishuka Kerala utakuta wanaoandika kwa Kimalayalam, na Waislamu wa Bhatkal wana hati ya Kiarabu. Sensa ya India ya 2011 iliwahesabu wasemaji milioni mbili na ushee tu. Programu nilizojaribu zinasoma Devanagari, basi. Majina yake nayaacha, kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja.

Kwa Devanagari sina lawama kubwa. Tangazo la maji kukatika, barua ya manispaa, kichwa cha habari: napiga picha, napata maana ya kuniondolea wasiwasi. Ndiyo hati iliyotajwa kwenye sheria ya lugha ya Goa ya 1987, na ndiyo ya vitabu vya shule, kwa hiyo nadhani ndiyo iliyojaa kwenye maandishi yaliyotumika kuzifundisha mashine. Usisahau pia kwamba jambo hili ni la juzijuzi. Google wenyewe walikiongeza Kikonkani mwaka 2022, siku moja na Kilingala na Kiganda.

Kazi iko kwenye Romi. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Mãi, ananiandikia ujumbe kwa Romi na hajui njia nyingine. Ukiubandika ujumbe wake kwenye programu ukaiachia ikisie lugha, inakwambia ni Kireno. Kidogo ina haki: tahajia hiyo imetokana na wamisionari wa enzi za Wareno, ndiyo maana sauti ya "sh" inaandikwa kwa x, na "m" ya mwisho mara nyingi haitamkwi kama m, ni alama ya kupeleka sauti puani. Ukiilazimisha ichague Kikonkani, inakurudishia maneno yaleyale uliyoyaandika, kana kwamba imekusaidia.

Nikaona nitumie kibodi inayogeuza herufi za Kilatini kuwa Devanagari. Andika "Dev borem korum", yaani asante, uone. Kibodi inafuata tahajia ya Kihindi, kwa hiyo inatoa देव बोरेम कोरुम. Kikonkani cha vitabuni ni देव बरें करूं, kisicho na alama ya o wala herufi ya m. Kila o imekuwa o kweli, kila m imekuwa m kweli, na programu ya tafsiri haiambulii kitu.

Tuseme umejifunza kurekebisha hayo kwa mkono. Bado kuna lahaja. Devanagari ya kitabuni imeegemea lahaja ya Antruz, upande wa Ponda, wakati Mãi ni mtu wa Saxtti, yaani upande huu wa Margao. Yeye anasema "hanv vetam", nakwenda. Kitabu kinasema "vatam". Yeye anauliza "kednam", lini, kitabu "kenna". Ni tofauti ambayo watu wenyewe wanaelewana bila shida, ila mashine inaziona kama makosa ya uchapaji.

Kilichonichosha zaidi ni hiki. Mdogo wangu wa kike alikuja kunitembelea, na Mãi akaandika "Tem ailem kednam?" Nikaligeuza kwa uangalifu, nikabadilisha kednam kuwa kenna, nikaomba tafsiri kwa Kiswahili. Jibu: "Ilikuja lini?" Nikadhani anaulizia mtungi wa gesi. Kumbe Kikonkani kina jinsia tatu, na msichana kwa heshima ya kawaida kabisa anatajwa kwa ile ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Programu inapitia Kiingereza kwanza, msichana anakuwa kitu, halafu kwetu kitu kinapewa "i-". Kiswahili kingesema "alikuja" bila kujali jinsia yoyote. Njia ya mkato ingekuwa sahihi zaidi ya hiyo ya kuzunguka.

Upande wa kuandika, yaani kutoka lugha nyingine kwenda Kikonkani, mnipe pole tu. Kimarathi kinaingia kila mahali: unakuta "aahe" pale panapotakiwa "asa". Kwa Wagoa hilo si dogo, maana wamebishana miaka mingi na watu waliosema Kikonkani ni lahaja ya Kimarathi. Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, ilikitambua kama lugha inayojitegemea mwaka 1975. Nilimtumia mwenzangu wa ofisini salamu ya aina hiyo, akanijibu kwa Kiingereza.

Ukienda Goa kutalii, huhitaji haya. Kiingereza na Kihindi vinatosha hotelini na kwenye basi. Ukihamia, tumia programu kwa karatasi za serikali, na elekeza tafsiri kwenye Kiingereza badala ya Kiswahili. Ujumbe wa Romi usome kwa sauti mbele ya jirani. Hata ukitamka vibaya, atakuelewa kabla hujamaliza.