Tahadhari: mawe makavu yaliyopakwa rangi yanauzwa kama mawe hai

Ndugu wafugaji wa samaki wa maji chumvi, yupo muuzaji anayetangaza mtandaoni mawe hai (mawe ya matumbawe yenye bakteria na viumbe wadogo, yanayowekwa tangini ili kusafisha maji) "yaliyokomaa, tayari kuingizwa tangini", ilhali anachotuma ni mawe makavu yaliyopakwa rangi ya zambarau, yakalowekwa, kisha yakapimwa uzito yakiwa bado yanachuruzika maji. Jina lake silitaji, kwa maana anayetumia jina hili leo kesho atatumia jingine. Cha kujulikana ni mbinu yenyewe.

Katika mzigo niliopokea, zambarau ilikuwa ya aina moja, imeenea sawasawa juu na chini ya kila jiwe, hadi ndani ya nyufa ambamo mwanga haufiki. Mwani wa chokaa wa kweli, ule mwani mgumu unaoyapa mawe hai rangi yake na ambao rangi hii inauiga, hauoti hivyo: huota kwa mabaka ya waridi, zambarau na wekundu, mengine yamekolea na mengine yamefifia, tena ni mgumu, na ukiukwangua kwa kisu hutoa ungaunga. Rangi ya mawe haya ilibanduka kwa ukucha, ikatoka vipandevipande kama ngozi ya kitunguu. Hapakuwa na mnyoo, sifongo wala konokono hata mmoja.

Kuuza mawe makavu si kosa. Wengi wetu huyapenda kwa kuwa hayaleti wasumbufu kama anemoni wa Aiptasia, kiumbe mdogo mwenye minyiri inayochoma ambaye huzaana haraka tangini. Kosa ni kumwaminisha mnunuzi kwamba yamejaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, kwa sababu atakayeamini hivyo ataingiza samaki mapema, na samaki hao watakufa kwa amonia. Isitoshe, mtu akishayaunganisha mawe kwa gundi, akajenga matao na mapango yake kwa uangalifu, kuyatoa ni kubomoa kazi yote.

Upo pia udanganyifu wa upande wa pili, wa mawe yaliyotoka baharini kweli lakini viumbe wake wamefia njiani. Hayo hunuka kama mayai viza, na hufaa kwanza kukaa kwenye pipa la maji ya chumvi lenye pampu na hita, yakibadilishwa maji mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri.

Kabla ya kulipa, omba video ya mawe yakiwa ndani ya maji, muulize muuzaji vipimo vya amonia na nitriti vya maji ya pipa lake, na ukubaliane naye kwamba yatapimwa uzito yakiwa yamechujwa maji. Kwa mawe yanayovuka mpaka wa nchi, dai pia kibali, kwani mawe ya matumbawe yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Muuzaji wangu huyu alikwepa suala la video, na nilipodai kurudishiwa fedha alisema rangi ile ni ya asili, kisha akanifungia mawasiliano.

Aliyekwisha kupokea mzigo wa namna hii asiuingize tangini, kwa kuwa hatujui ni rangi gani iliyotumika. Aupige picha ukiwa na vifungashio vyake na aripoti mapema kwa wasimamizi wa soko alikonunulia.