Mbao za baraza: kagua weupe kabla ya kuuliza bei

Nguzo nne za baraza nilizoweka miaka mitatu iliyopita kwenye nyumba ya marehemu baba, hapa Dodoma, zimeliwa. Niliuziwa kwa jina la mninga, na mninga kweli ulikuwa. Fundi alipochokonoa kwa bisibisi chini ya nguzo ya kona, upande mmoja ulimwaga unga mwepesi kama wa muhogo. Upande wa pili, wa kahawia, bisibisi haikuzama hata ncha. Kilicholiwa chote ni ule weupe wa pembeni.

Kwa hiyo sitaongelea kupinda wala nyufa, hayo kila mtu anayaona. Naongelea weupe. Ni sehemu ya mti iliyo karibu na gome, ina wanga, bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, wanaufuata na mchwa nao hawauachi. Kinga iko kwenye kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea. Mti uwe wa sifa namna gani, weupe wake ni chakula.

Namba moja wangu ni mninga, kiini kitupu, na hapo sibadiliki. Mninga hauchezi. Kiangazi chetu kinakausha kila kitu, halafu mvua za Desemba zinakuja, na mbao inabaki vilevile. Ila geuza kila mbao uone vichwa vyote viwili, maana hapo ndipo rangi mbili zinapojitenga. Iliyopakwa oili chafu mwambie muuzaji aipige randa mbele yako. Akikataa, ondoka.

Wa pili ni mkongo, mgumu na mzito, mzuri kwa ngazi zinazokanyagwa kutwa. Mafundi wanaulalamikia kwa sababu msumari hauingii bila kutoboa kwanza. Wa tatu ni mtiki wa mashamba ya Longuza, Tanga, au Mtibwa, Morogoro, lakini ukivunwa mchanga, weupe wake ni mpana.

Paina iache kwenye kenchi za paa. Ukikosa hela, chukua ya dawa, na kila unapokata paka dawa tena, maana ndani haikufika.

Na mbao yoyote ile usiizike mguu kwenye zege. Ikalie kipande cha chuma kilichoinuka juu ya sakafu, maji yapite.

Sasa wauzaji. Unalipia mbili kwa sita, ukiweka tepu unakuta unene haufiki hata inchi moja na robo tatu. Nilipouliza nikajibiwa, "Mama, hiyo ndiyo saizi ya sokoni." Nikienda peke yangu bei ni nyingine, nikirudi na fundi inashuka kwa mbao ileile. Inaniuma sana. Nikiomba kuona hati ya kusafirishia, wakati mninga unavunwa kwa kibali, naonekana mkorofi.

Juzi nilikwenda na tepu, kisu na bisibisi. Nikageuza mbao kumi na tisa, nikachukua nne.