Lenzi yako ya Jupiter haina makali? Kagua pete ya washa kwanza

Malalamiko ya wasomaji ni yaleyale: "Nimenunua Jupiter, picha zote zina ukungu, nimepigwa." Kioo chenyewe mara nyingi hakina kosa.

Jupiter na lenzi nyingine za FED na Zorki, kamera za Kisovieti, zinaingia kwenye Leica ya Kijerumani kwa skrubu ileile ya milimita 39, basi watu hudhani kazi imeisha. Lakini Leica hupima umbali kwa kuhesabu kwamba lenzi iitwayo ya milimita "50" kwa kweli ni milimita 51.6. Wasovieti walifuata kipimo cha Zeiss, kampuni nyingine ya Kijerumani, 52.4. Kwa vitu vya mbali huoni tofauti. Mpige mtu picha kutoka mita moja kwa f/2, tundu la lenzi likiwa wazi sana: macho yamefifia, masikio ndiyo makali. Halafu wapo mafundi waliozifungua kutia grisi, wakapoteza ile washa nyembamba inayoshikilia kioo mahali pake, au wakaunga lenzi moja kutoka mbili. Ndiyo maana Jupiter mbili za mwaka mmoja hazifanani. Ukilenga kwa skrini ya kamera ya kidijitali, tatizo hili la kulenga halikuhusu.

Ukitaka kununua, namba moja kwangu ni Jupiter-8 ya kiwanda cha KMZ, Krasnogorsk, Urusi. Naipendelea waziwazi. Tafuta nembo ya prizimu inayopitwa na mwale. Tarakimu mbili za kwanza za namba yake kwa kawaida ni mwaka, na mimi hupenda za miaka ya 50.

Ya pili, Jupiter-12 ya milimita 35. Upana wake unasamehe makosa ya kulenga. Kioo cha nyuma kimechomoza sana, kwa hiyo kagua mikwaruzo, na uhakikishe hakitagonga ndani ya kamera yako.

Jupiter-3 ni tamu ikishapimwa na fundi, ila kwa f/1.5 kosa la washa halijifichi. Jupiter-9 ya milimita 85 kwenye Leica, bila fundi, iache.

Huna hela? Chukua lenzi ya Industar-61 ya FED. Inatosha.

Wauzaji sasa! Picha chungu nzima za lenzi juu ya kitambaa cheusi, hakuna hata moja iliyopigwa kwa lenzi yenyewe. Wanaandika "kama mpya" na vichwa vya skrubu vimechubuliwa na bisibisi. Omba picha ya gazeti lililolazwa mshazari, mita moja, f/2, mstari uliolengwa ukiwa na alama ya kalamu. Mmoja niliyemwomba alinijibu hana filamu, kisha akapandisha bei.