Crime Reduction Toolkit: Huduma ya bure ya ushahidi kwa wenye kazi ya kuzuia uhalifu

Huduma ninayoichambua hapa haiuzwi, wala haimtaki mtumiaji ajisajili. Ni hazina ya mtandaoni iitwayo Crime Reduction Toolkit, inayotunzwa na College of Policing, chombo kilichoanzishwa mwaka 2012 kusimamia taaluma ya upolisi Uingereza na Wales. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2015, baada ya watafiti wakiongozwa na University College London kupewa kazi ya kukusanya mapitio ya tafiti kuhusu kuzuia uhalifu na kuyaandika kwa namna ambayo ofisa mwenye shughuli nyingi anaweza kuyasoma na kuyaelewa. Naitanguliza hukumu yangu ili msomaji asiisubiri. Kwa mtu anayetaka kujua jambo gani lisifanywe, sijaona chombo kilicho bora kuliko hiki. Kwa anayetaka kujua lifanywe lipi katika kata ya Tanzania au kaunti ya Kenya, kinafaa endapo kitasomwa kwa jicho kali. Na kwa anayejali afya na hali ya askari mwenyewe, kinamwacha karibu mikono mitupu.

Kila mbinu ina ukurasa wake: taa za barabarani, kamera za CCTV, doria katika maeneo sugu (sehemu ndogo ambako uhalifu hujirudia sana), programu za vijana, na nyingine nyingi. Ukurasa unaanza na alama inayoonyesha kama mbinu hiyo hupunguza uhalifu, haibadilishi kitu, au huuzidisha, na kando yake kuna kipimo cha ubora wa ushahidi wenyewe. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea matumizi ya huduma hii. Watafiti waliipanga kwa maswali matano: mbinu ina athari gani, inafanyaje kazi, ni katika mazingira yapi inafaulu au kushindwa, ilitekelezwaje, na iligharimu kiasi gani. Swali la pili na la tatu ndiyo roho ya kazi nzima.

Chukua taa za barabarani. Mtu angedhani maelezo yameisha kwa kusema kwamba mwizi haogopi giza bali huogopa mwanga. Lakini miongoni mwa tafiti zilizopitiwa zimo ambazo uhalifu ulipungua hata mchana, wakati taa zimezimwa, jambo linalowafanya watafiti waamini kwamba taa mpya huwapa wakazi ishara kuwa mtaa wao unajaliwa, nao huanza kuutumia na kuuangalia zaidi. Diwani anayeelewa hivyo hatasimika nguzo usiku mmoja na kuondoka. Ataanza kwa kuzungumza na wakazi. Ukurasa wa kamera nao una faida ya namna hiyo, kwa kuwa unaonyesha kwamba manufaa makubwa yameonekana katika maegesho ya magari, na kwamba kwa uhalifu wa kutumia nguvu matokeo si ya kutegemewa. Miji yetu inayotenga fedha nyingi kwa ajili ya kamera ingefanya vyema kuusoma ukurasa huo kabla ya kutangaza zabuni.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Scared Straight, programu iliyopata umaarufu katika gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, ambapo vijana walioanza kupotoka walipelekwa gerezani ili wafungwa wa vifungo virefu wawatishe kwa maneno makali na simulizi za maisha ya humo ndani. Kila mzazi akisikia wazo hilo huliona la busara, na hata kwetu hakikosekani kikao cha shule ambamo mtu atapendekeza wanafunzi watundu wakaonyeshwe mahabusu. Mapitio ya majaribio tisa, ambayo vijana waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya waliopelekwa na wasiopelekwa, yalionyesha kwamba waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko wenzao. Huduma inayothubutu kuweka alama ya hasara mbele ya programu inayopendwa na wanasiasa inastahili heshima, na kwa hili pekee ningeipa nafasi katika maktaba ya kila chuo cha polisi.

Kuhusu doria, kuna historia ambayo msomaji anapaswa kuifahamu ili aupate uzito wa ukurasa wa maeneo sugu. Mwaka 1972 hadi 1973, polisi wa Kansas City, Missouri, kwa kushirikiana na Police Foundation, shirika la Marekani la utafiti wa upolisi, waligawa maeneo 15 ya doria katika makundi matatu: katika moja doria za kawaida ziliondolewa na magari yakaingia yanapoitwa tu, katika la pili zilizidishwa mara mbili hadi tatu, na la tatu likaachwa kama lilivyokuwa. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha kujivunia, na wananchi wengi hata hawakutambua kwamba kuna kilichobadilika. Wengi walihitimisha kwamba polisi hawawezi kuzuia uhalifu. Hitimisho hilo lilikuja kupata mtihani Minneapolis, mji mwingine wa Marekani, ambako mtaalamu wa uhalifu Lawrence Sherman na wenzake waligundua kwamba takriban asilimia 3 ya anwani za mji ndizo zilizotoa nusu ya simu zote za kuita polisi. Tatizo, basi, lilikuwa kuzunguka kila mahali bila kujua wapi. Jaribio lililofuata katika maeneo sugu 110 ya mji huo lilionyesha kwamba askari wakikaa zaidi pale panapohitajika, simu hupungua. Na uchambuzi wa mtafiti Christopher Koper wa mwaka 1995 uliongeza jambo ambalo mkuu wa kituo anaweza kulitumia kesho asubuhi, kwamba kusimama mahali kwa dakika 10 hadi 15 kisha kuhama na kurudi baadaye kuna manufaa kuliko kupita mbio au kuweka kambi siku nzima. Mapitio ya mwaka 2019 yalihesabu vipimo 78 vya doria za namna hii, na 62 kati yake vilionyesha kupungua kwa uhalifu. Tena mitaa ya jirani mara nyingi ilinufaika badala ya kuhamiwa na wahalifu, kama inavyohofiwa.

Kituo chenye gari moja lisilo na mafuta ya kutosha kinapata hapa msaada wa kweli, kwa sababu mbinu hii inadai daftari la matukio lililoandikwa vizuri kuliko inavyodai magari. Naongeza tahadhari ambayo alama peke yake haitoi. Askari walioelekezwa kwenye kona moja wanaweza kuigeuza kuwa mahali pa kuwakamata vijana ovyo na kuwatoza waendesha bodaboda fedha zisizo na risiti. Jaribio lililofanywa Tucson, Houston na Cambridge ya Massachusetts, na kuchapishwa mwaka 2022, lilichukua suala hilo kwa uzito: maofisa waliopewa mafunzo ya kusikiliza, kueleza uamuzi wao na kuwatendea watu kwa heshima walikamata watu wachache kwa asilimia 60 kuliko wenzao wasiofunzwa, na matukio ya uhalifu katika maeneo yao yalikuwa machache kwa asilimia 14. Mtumiaji wa huduma hii asome ukurasa wa maeneo sugu na matokeo hayo kwa pamoja.

Kasoro kubwa ya huduma ni mahali ushahidi wake ulipotoka. Tafiti nyingi ni za Marekani na Uingereza, nchi ambazo mwananchi akipiga simu hupokelewa na gari hufika. Kinachotokea nje ya hapo kilidhihirika katika jaribio kubwa la polisi jamii lililofanywa Brazil, Colombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science. Mikutano iliitishwa, doria za miguu zikafanywa, njia za kutoa taarifa zikafunguliwa. Imani ya wananchi haikuongezeka wala uhalifu haukupungua. Sababu walizozitaja watafiti zitamgusa kila aliyewahi kukaa katika kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa au ya Nyumba Kumi: viongozi wa polisi hawakuipa kazi hiyo kipaumbele cha kudumu, maofisa walihamishwa mara kwa mara kabla ya kuzoeana na watu, na vituo havikuwa na uwezo wa kushughulikia malalamiko ambayo wananchi waliombwa wayalete. Mwananchi aliyeitwa kwenye mkutano, akasema shida yake, na asione kitu, hurudi nyumbani akiwa na imani ndogo kuliko aliyokuja nayo.

Kasoro ya pili ni swali la gharama. Katika kurasa nyingi sehemu hiyo ina maelezo machache mno, kwa kuwa tafiti zenyewe hazikupima fedha. Si kosa la waandaaji, lakini kwa halmashauri inayopanga bajeti ndilo swali la kwanza, nalo halijibiwi.

Halafu kuna askari mwenyewe. Toolkit hupima uhalifu uliopungua, haipimi kilichompata aliyeupunguza, na anayetaka mambo ya ustawi hulazimika kwenda kwenye huduma nyingine ya Uingereza iitwayo Oscar Kilo. Naona utengano huu ni udhaifu wa fikra, hauishii kwenye mpangilio wa tovuti. Uchunguzi uliodhaminiwa na shirika la Police Care UK mwaka 2018 ulikuta karibu askari mmoja kati ya watano walioshiriki ana dalili za msongo unaofuata matukio ya kutisha. Mtu wa namna hiyo ndiye anayetumwa kwenye eneo sugu akazungumze kwa upole. Ushahidi wa kuanzia upo. Police Foundation ilijaribu zamu za saa 8, 10 na 12 katika miji ya Detroit na Arlington, Texas, na ripoti ya mwaka 2011 ikaonyesha kwamba waliofanya zamu za saa 10 walilala zaidi kuliko wa saa 8 na walihitaji muda mchache sana wa ziada, ilhali wa saa 12 walikuwa na usingizi na uangalifu wao kazini ukapungua. Ratiba ya zamu ni uamuzi wa kuzuia uhalifu sawa na taa au kamera, na ingestahili ukurasa wake humo.

Kwa upande wa matumizi, kurasa zake ni za maandishi yaliyopangwa vizuri na zinasomeka kwenye simu. Lugha ni Kiingereza pekee, na ingawa si kigumu, kitamchosha mjumbe wa serikali ya mtaa. Ningependekeza wakufunzi wa vyuo vya polisi na wa ustawi wa jamii waanze kwa kufasiri kurasa tatu: wa maeneo sugu, wa taa, na wa Scared Straight. Maofisa wa ngazi ya wilaya na wanafunzi wa sosholojia waitumie moja kwa moja, wakianzia kwenye sehemu ya mazingira kabla ya kutazama alama. Anayetafuta orodha ya vifaa vya kununua atafute kwingine.