Sapoti ya enka ya kamba: miezi minne nayo mguuni, na nyota moja naikata

Nilikuwa nashuka ngazi na simu mkononi, nikajua zimeisha kumbe imebaki moja. Mguu ukajikunja kwa ndani, nikasikia kitu kimelia tap, nikakaa palepale chini najifanya nasoma meseji watu wasinicheke. Ndani ya nusu saa kifundo kilikuwa na uvimbe kama yai limepachikwa kwa nje, na kesho yake damu ikawa imevilia mpaka kwenye vidole, zambarau kwanza, baadae kijani, mwisho njano ya ajabu ajabu.

Kabla ya sapoti niseme kidogo kuhusu daktari maana watu wengi wanarukia kununua vifaa hawajui hata wameumia nini. Nilitegemea anitume eksirei moja kwa moja. Wapi. Akanibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma, wa nje na wa ndani, akabonyeza ule mfupa uliojitokeza ubavuni mwa unyayo na mwingine juu kidogo upande wa ndani, akaniuliza ulipoanguka uliweza kukanyaga? Halafu akaniambia nitembee hatua 4. Nikachechemea zangu 4, jasho linanitoka, akasema picha haihitajiki. Mi nikaona ananibania tu. Baadae nikaja kujua ni kipimo kinachotumika dunia nzima, kinaitwa kanuni za Ottawa, madaktari wa Kanada walizitoa 1992 ili watu wasipigwe mionzi bure. Mfupa ukiuma sehemu hizo ukibonyezwa, au hatua 4 zikikushinda, hapo ndo unapigwa picha. Mimi mfupa ulikuwa salama, kilichoniuma ni nyama ya mbele ya kifundo kwa nje, na hapo ndo ilipo ligamenti (ule ukanda unaoshikilia mfupa na mfupa) inayoanza kuumia mara nyingi mguu ukijikunja kwa ndani. Upande wa nje ziko 3, hiyo ya mbele ndo nyonge. Akasema ni daraja la pili, yaani imechanika ila haijakatika yote. La kwanza imevutika tu, la tatu imekatika kabisa.

Sasa bidhaa. Nilianza na ile soksi ya kubana, ya kuvuta kama soksi ya kawaida, na hilo lilikuwa kosa. Sio mbaya, inabana uvimbe na unajisikia umeshikwa, ila jaribu kuugeuza mguu kwa ndani ukiwa umeivaa, unageuka vizuri tu! Haizuii kitu. Ndo nikahamia hii ya kamba.

Hii imeshonwa kwa turubai gumu, mbele ina kamba kama za buti, halafu kuna mikanda miwili ya velkro inapita chini ya kisigino na kupanda upande wa pili, ikipishana kama namba 8. Kazi yote iko kwenye hiyo mikanda. Ukivuta ule unaopanda kwa nje unasikia kabisa kisigino kinanyanyuliwa, mguu hauna pa kujikunjia, ila mbele na nyuma unakunja kama kawaida kwa hiyo unatembea bila kuburuza mguu. Siku ya kwanza kuivaa nilishuka zile zile ngazi na sikushika ukuta, kwa hilo tu nyota 3 zishapatikana.

Kuivaa lakini ni shughuli. Kaa, kunja goti, kisigino kiingie mpaka mwisho, funga kamba kuanzia chini ukienda juu, ndo mikanda ifuate. Ukianza na mikanda inakaa upande na ulimi wa mbele unakuchuna. Vaa soksi ndefu ndani, mimi wiki ya kwanza nilivaa soksi fupi nikabaki na alama za kamba kwenye ngozi mpaka jioni. Na usikaze kama unafunga mzigo wa baiskeli, bonyeza kucha ya kidole gumba iwe nyeupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Isiporudi au vidole vikifa ganzi, legeza. Kulala nayo niliambiwa hapana.

Kwenye saizi ndo nilijiloga mwenyewe. Unapima mzunguko wa kifundo, mi nikapima nikiwa nimevimba, nikachukua L, wiki mbili baadae uvimbe umeshuka sapoti inaelea mguuni kama kiatu cha kaka. Pima mguu mzima, ule ambao haujaumia. Halafu ujue haiingii kwenye kila kiatu, viatu vyangu vya kazini viligoma, raba iliingia baada ya kutoa soli ya ndani.

Nyota inayokatika ni ya velkro. Mwezi wa tatu ilishajaa nywele na nyuzi za soksi, ukikanyaga ngazi inajibandua yenyewe na ule mlio wake wa kuchanika, watu wote wanageuka kukuangalia. Nimeisafisha kwa mswaki wa zamani ikapata nafuu siku mbili tatu. Muuzaji nimemwandikia mara mbili, kimya.

Ila ambacho maoni mengi ya hizi sapoti hayasemi ni kwamba kifaa hakiponyi ligamenti, kinailinda tu ikijiponya, na yenyewe haina haraka kwa sababu damu inayofika pale ni kidogo. Wiki 6 mpaka 12 ni kawaida kwa kiwango changu. Mwezi wa pili maumivu hamna nikajiona nishapona, fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akaniambia simama kwa mguu huo mmoja, fumba macho. Sikumaliza sekunde 4! Mguu mzima nikamaliza 30 naongea. Ndo akanielewesha kwamba ligamenti ikichanika na zile hisia za kuujulisha ubongo mguu umekaaje zinaharibika, na ndo maana mtu aliyeteguka mara moja anateguka tena na tena pale pale. Kwa hiyo nikapewa kazi, kusimama mguu mmoja kila nikipiga mswaki, kupanda na kushuka kwa vidole, kusukuma mguu kwa nje huku ukanda wa mpira unauvuta kurudi ndani. Inaboa kweli kweli, na ndo iliyonirudisha uwanjani.

Barafu nilitumia siku mbili za mwanzo, robo saa na kitambaa katikati, inapoza maumivu, basi. Hata Gabe Mirkin, yule daktari wa Marekani aliyeeneza ule mpango wa pumzika-barafu-bana-inua mwaka 1978, alikuja kusema baadae barafu inaweza kuchelewesha kupona. Kuanza kukanyaga mapema kadri maumivu yanavyoruhusu kulinisaidia kuliko ile wiki niliyolala na mguu juu ya mto.

Usinunue hii kama hatua 4 zimekushinda, au maumivu yako juu ya kifundo kati ya ile mifupa miwili ya mguu, hiyo ni teguko la aina nyingine na linachukua muda mrefu zaidi. Na kuna mtu kaniuliza kama ipo ya goti. Zipo, ila goti likijisokota ukasikia tap na likavimba ndani ya saa chache wewe nenda ukaonwe kwanza.

Siku hizi naivaa siku za mechi tu, nyumbani na kazini sivai kabisa. Nyota 4. Kwa wanaouliza saizi, nimeishia kwenye M, ile L bado iko kabatini haijatumika hata mwezi.