Nimepimwa utumbo mara mbili: sindano ya kulegeza na sindano ya kulaza

Naanza na aibu. Mara ya kwanza nilipopimwa utumbo mpana kwa kamera, nilirudi nyumbani Bombo nikijigamba kwamba sikusikia maumivu hata chembe. Kumbe nilipiga kelele. Sista alimwambia mke wangu, naye akaitunza siri hiyo miezi mitatu, mpaka siku tulipogombana.

Nilichomwa midazolamu na fentanili. Fentanili inatuliza maumivu. Midazolamu inakulegeza, na zaidi ya hapo inafuta kumbukumbu: unaambiwa geuka unageuka, unaulizwa unajibu, labda hata unaumia, kisha hukumbuki lolote. Mimi nakumbuka dari, halafu chai. Jioni nzima kichwa kilikuwa kizito, nikiuliza swali lile lile mara tatu.

Walikuta vinyama viwili, wakavikata, nikaambiwa nirudi baada ya miaka 3.

Safari ya pili, hospitali nyingine ya Kampala, wakanipa propofoli, ndiyo ile sindano ya kulaza. Nyeupe kama maziwa, na inachoma mshipa ikiingia. Hilo jamani wangeniambia mapema! Nilianza kuhesabu, sikufika ishirini. Nilipozinduka akili ilirudi upesi, nikaomba chakula.

Lakini dawa hii inaweza kudidimiza pumzi, na haina dawa ya kuipinga. Midazolamu ikizidi kuna flumazenili, fentanili ikizidi kuna naloksoni; propofoli ikizidi wanakusaidia kupumua mpaka iishe yenyewe mwilini. Kwa hiyo kabla sijakubali niliuliza: daktari akiwa anatazama skrini, nani anatazama pumzi yangu? Wakanionyesha mtaalamu wa usingizi, amekaa kichwani kwangu, kifaa kimebana kidole changu, oksijeni iko puani. Bili ilipanda kwa sababu yake, nami nililipa bila kunung'unika (sana).

Kaka yangu, mtu wa boda, alikataa sindano zote. Ukichomwa dawa hizi, huendeshi chombo chochote kwa saa 24, na yeye siku bila pikipiki ni siku bila posho. Akalala macho wazi akitazama utumbo wake mwenyewe kwenye skrini. Anasema tumbo lilimsokota kamera ilipopita kwenye kona na walipopuliza hewa ili njia ifunguke, halafu basi. Alivaa suruali, akawasha pikipiki, akaenda zake. Mimi siwezi.

Nikirudi nitachagua propofoli, mradi huyo mtu wa usingizi awepo. Asipokuwepo, nipeni midazolamu yangu, nipige kelele nisizozikumbuka.

Ila kwa ile dawa ya kusafisha tumbo siku iliyotangulia, lita nne, hakuna sindano ya kukuokoa. Choo chetu kiko nje, na usiku ule mvua ilinyesha.