Kamera ya rivasi kwenye Hilux ya zamani: uzoefu wangu

Napakia fanicha Keko, Dar es Salaam, na kuzisambaza mjini kwa Hilux ya 1999, dizeli, gia za mkono. Kabati la milango mitatu likishasimama kwenye bodi, kioo cha kati hakina kazi tena, na vile vya pembeni havionyeshi kilichoko chini, nyuma ya bampa. Barabara kubwa hainisumbui. Shida ni vichochoro vya Mabibo na Manzese, unaingia kwa rivasi maana hakuna pa kugeuzia, na watoto wanalikimbilia gari waone kitanda kipya kinashushwa kwa nani. Nimefunga kamera kwa ajili yao. Nimeshaitumia kiangazi na masika, na sijawahi kutia hela kwenye gari hili ikanifaa kama hii. Kamera, skrini na ufundi, vyote pamoja havikufika bei ya tairi moja jipya.

Ukienda kununua Gerezani au Kariakoo utaonyeshwa ya waya na isiyo na waya. Chukua ya waya. Nyingi za ile nyingine hurusha picha kwa masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi na bluetooth, na picha inayokatikakatika wakati mtu anapita nyuma yako ni hatari kuliko kutokuwa na picha. Tena kamera hiyo bado inataka umeme wa taa ya rivasi, kwa hiyo waya hujauepuka. Jambo jingine ni kamera za AHD, zile za picha kali zaidi: skrini ya kawaida ya analojia haizisomi. Mwombe muuzaji aviunganishe kwenye betri hapo hapo kaunta, uone picha kabla ya kulipa. Mimi nilitafuta yenye IP67, yaani vumbi haliingii na inahimili kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Kwa madimbwi yetu ya masika hiyo si anasa.

Lakini kamera ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni fundi, na hapa nilipata fundi umeme wa Ilala ambaye ningempeleka gari lolote. Kabla hajafungua boksi aliweka gia ya rivasi, akazunguka nyuma, akarudi. “Bosi, taa yenyewe haiwaki. Kamera itapata wapi moto?” Kwenye gari la umri huu ni kawaida: swichi ya rivasi iliyoko kwenye gia boksi ilikuwa imekufa. Akaibadilisha kwanza, ndipo akachukua moto wa kamera kwenye taa ile na ethi kwenye chuma cha chasisi alichokikwangua kutu hadi kikang'aa. Skrini ikapata moto wa ACC, ule unaokuja ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza, kupitia fyuzi yake ndogo.

Waya wa video aliuvisha bomba la plastiki, akaulaza juu ya chasisi upande usio na ekzosi, akaufunga kila baada ya hatua, na ulipoingia kwenye kabini akauwekea mpira ili bati lisije kuukata. Maungio aliyatia lehemu. Nimeona pikapu za wenzangu ambazo waya umesokotwa kwa mkono ukazungushiwa tepu. Mvua za mwanzo tu, skrini inakuwa ya bluu.

Alitaka kuiweka kamera kwenye mlango wa bodi, maana ndipo inapoonekana nadhifu. Nikamwambia, kaka, mimi huwa natembea na mlango umelala, sofa ndefu haziingii. Mlango ukilala, kamera inatazama lami. Tukaihamishia kwenye bampa, juu ya pleti namba. Inapata tope zaidi, naifuta kwa kitambaa kila asubuhi, lakini inaona muda wote.

Kisha ukague pande. Msimamishe mtu nyuma upande wa kulia wa gari: kwenye skrini naye aonekane kulia. Akitokea kushoto, picha haijageuzwa, na kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya kinachokatwa kurekebisha hilo. Mistari ya kijani, njano na nyekundu inayoonyesha umbali kwenye skrini usiiamini kama ilivyotoka dukani. Niliweka ndoo mita moja nyuma ya bampa nikaona inaangukia wapi, kwanza gari likiwa tupu, halafu likiwa na mzigo. Sehemu hizo mbili zinatofautiana sana, maana springi zikilala, nyuma ya gari inashuka na kamera inaona karibu zaidi.

Marekani kila gari dogo jipya limelazimika kuwa na kamera hii tangu Mei 2018. Sheria iliyoanzisha hilo, ya 2007, ina jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka miwili aliyegongwa na baba yake akirudi kwa rivasi nyumbani kwao. Baba yake mwenyewe. Nikiwa Manzese huwa namkumbuka.

Utingo wangu bado anashuka kuniongoza, na sitamwachisha. Kamera haioni kijana wa bodaboda anayechomoka pembeni, wala waya wa umeme unaoning'inia juu ya kabati. Upungufu mwingine ni jua: saa sita mchana skrini ya dashibodi inafifia hadi nalazimika kuikinga kwa kiganja. Kwa anayeanza leo, ningesema achukue skrini ya aina ya kioo cha kati, ile inayovishwa juu ya kioo cha zamani. Iko juu, jua haliipigi moja kwa moja, na macho yako tayari yana mazoea ya kutazama hapo.